Masufuria ya Pentagoni

Habari ililetwa na Shirleen, kama habari zote za kijiwe kile. Alikuwa ametoka shifti ya usiku hospitalini Liverpool, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni, macho mekundu, na badala ya kwenda kulala kama watu wenye akili timamu alikatiza jiji la Sydney akaja moja kwa moja Blacktown, kwenye benchi la mbele ya duka la Mwanakheri. Wenyewe walimwita Redio. Alipokea kikombe cha kahawa ya tangawizi, akakimaliza nusu akiwa amesimama, kisha akainua simu.

"Skizeni hii, wasee. Ulaya imechoka na Amerika. Wamekaa kikao ingine, wanasema huyo jamaa haaminiki tena. Sasa wanataka kujisimamia. Jeshi yao, silaha zao, setilaiti zao, kila kitu yao."

"Nalaani," alisema Urbanus.

"Unalaani nani?"

"Sijaamua bado. We soma, nitakwambia."

Huyu Urbanus ana digrii ya uhusiano wa kimataifa aliyoipata Dar es Salaam na leseni ya kuendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo ghalani, aliyoipata Ingleburn, na inayomlisha ni hiyo ya pili. Kijiweni jina lake ni Umoja wa Mataifa, kwa kuwa hulaani kila jambo chini ya jua, na tangu watu wamfahamu hakuna aliyemwona akinyanyua hata kiti kukisogeza kivulini.

"Hakuna mupya hapo," ilisema sauti kutoka mlango wa jirani. Alikuwa Bertrand kinyozi, Mrundi wa Bujumbura mjini, ametoka na mashine yake mkononi bado inanguruma. "Ufaransa ilishasema zamani. Ilisema, huyu mutu tusimutegemee. Watu wakacheka. Bon, leo nani anacheka?"

Bertrand aliitwa Paris. Paris yenyewe aliipitia uwanja wa ndege tu, akibadilisha ndege kuja Sydney, lakini alivyokuwa akiisimulia ungedhani aliwaachia wenyeji funguo za mji.

"Paris, umemwacha mteja na nusu kichwa," alisema Mwanakheri.

Kweli, kwenye kioo cha kinyozi alionekana kijana amefungwa shuka shingoni, upande mmoja kipara, upande mwingine msitu, anatazama nje kwa huzuni.

"Atangoja. Dunia kwanza. Na nyinyi Waustralia musicheke, mulituvunjia ile mukataba ya nyambizi, mukakimbilia za Amerika. Sisi hatujasahau."

"Sisi nani, Bertrand? Mie nauza dagaa na unga wa muhogo. Nyambizi nimevunja lini?"

Watu wakacheka. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni yule aliyekaa mwisho wa benchi na kikombe kilichopoa: Lazare. Walimwita Kasulu, maana ndiko ilikokuwa kambi aliyokaa ujana wake wote baada ya kutoka Burundi, kabla hajaletwa huku. Siku nyingine Lazare ndiye angedakia wa kwanza. Leo alikuwa na mzigo moyoni. Jumamosi ijayo wakwe wanakuja nyumbani kwake kumwomba binti yake Ninahazwe, na hema la kuwakalisha, viti vyao, na masufuria ya kuwapikia, vyote viko kwa mtu mmoja. Mtu huyo alimpigia simu jana jioni akampa sharti. Lazare hakuwa amemwambia yeyote. Hata Clarisse mkewe hakumwambia, na kumficha Clarisse jambo ni kazi nzito kuliko ile ya kuwageuza vitandani wazee wa ile nyumba ya kulelea wazee anapofanyia kazi.

"Kwani huyo Mmarekani kafanya nini cha ajabu safari hii?" aliuliza Mwanakheri akimimina vikombe vingine. Yeye ni mtu wa Tanga, na hapendi kuhukumu mtu kabla hajasikia maelezo.

"Ameanza masharti," alisema Shirleen. "Zamani alikuwa anawaambia, mtu akiwagusa mniite. Saa hii anawaambia, mkiguswa nitacheki ratiba. Halafu kabla hajasaidia anakuuliza, hicho kisiwa chako cha barafu, unakitumia?"

Kahawa baridi ilimpalia Lazare. Alikohoa mpaka Bertrand akaja kumpiga mgongoni kwa ule mkono usio na mashine.

"Masharti," alisema Lazare alipopata pumzi. "Mutu mwenye vyombo akishaanza masharti, munafanya nini naye?"

Mwanakheri akaweka birika chini.

"Kasulu," alisema, "hapo hatuongelei Ulaya tena. Nani kakupa sharti?"

"Hakuna."

"Ni Pentagoni?"

Lazare akatazama viatu vyake. Ilitosha.

Pentagoni ni Aloyce. Huyu bwana, mtu wa Bukoba, alipoletewa kontena lake kutoka nyumbani, enzi zile Waafrika wa huku bado wanahesabika, ndani yake yalikuwemo masufuria makubwa ya kupikia shughuli, yale ambayo mtoto wa miaka kumi anaweza kujificha ndani. Akaongeza majiko ya gesi. Akaongeza hema, kisha hema la pili, viti, spika, taa za kuning'iniza, mpaka gari likatolewa garajini likawa linalala nje. Tangu hapo hakuna harusi, ubatizo wala msiba uliokwenda bila garaji ya Aloyce. Na mwanzoni alitoa kwa moyo mweupe, hilo lazima lisemwe. Unampigia, anakuja na trela, anasimamisha hema mwenyewe, anakula, anacheza, anabomoa, anaondoka.

Baadaye kidogo akaomba atajwe kwenye kipaza sauti. Watu wakaona si neno, akatajwa. Akaomba kukaa meza kuu, akakaa. Kwenye ubatizo wa mapacha wa mtu mmoja wa Campbelltown aliingia katika picha ya familia, katikati, akawashika watoto wote wawili, na baba mzazi ukimtafuta kwenye picha ile unamkuta pembeni kama mpita njia. Na nani angemwambia kitu? Sherehe ilikuwa ndani ya hema lake.

"Anataka nini kwako?" aliuliza Urbanus.

"Anataka kuwa musemaji."

"Msemaji wa nini?"

"Wa familia yangu. Siku ile."

Bertrand alizima mashine. Mrundi mwenzake alikuwa ameelewa uzito wa jambo kabla ya wote.

"Hapana," alisema. "Mutu wa Bukoba? Asema kwa niaba ya binti wetu?"

Ikabidi wengine waelezwe. Siku ya kuomba binti kwa Warundi, wazazi hawasemi. Upande wa mvulana wanakuja na msemaji wao, upande wa binti wanaye wao, na hao wawili wanapambana kwa maneno mbele ya watu wote. Msemaji wa mvulana anaomba, wa binti anajifanya hajasikia. Anauliza mmepotea njia? Anauliza huyo binti mnayemsema ni yupi, maana hapa mabinti ni wengi. Anawageuzageuza wageni mpaka watokwe jasho, mpaka kila mtu acheke, na katikati ya kicheko hicho ndipo binti anapewa heshima yake. Msemaji akiwa mzuri, watu wanayakumbuka maneno yake kuliko chakula.

"Na msemaji mmeshampanga?" aliuliza Mwanakheri.

"Muzee Kubwimana. Mujomba wa Clarisse."

Mwanakheri alimfahamu. Ni yule mzee mrefu anayekuja dukani na mjukuu, anasimama nyuma ya rafu ya mafuta ya mawese bila kutoa neno, mjukuu anauliza bei kwa Kiingereza, wanaondoka. Alidhani labda mzee ana tatizo la masikio.

"Masikio?" alisema Lazare, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu. "Dada, kule kambini huyu muzee alikuwa anaitwa kutoka zoni zingine. Watu walikuwa wanabadilisha tarehe ya sherehe kwa sababu yake. Sasa hapa, maneno yake nani anayataka? Akienda kwa daktari, mutoto ndiye anaongea. Akienda benki, mutoto. Nyumbani, watoto anawasalimia, wanamujibu 'hey'. Akanyamaza. Muaka wa ngapi sijui, alinyamaza tu. Siku nilimuomba awe musemaji, alisimama. Alisema nimupigie pasi suti. Sasa Clarisse kila siku akienda kwake anamukuta anazungumuza na friji. Anaipiga maswali. Anaicheka."

Alipomaliza kusema hayo akanywa ile kahawa iliyopoa ili apate pa kutazama.

"Wacha nikuambie," alisema Shirleen, "hiyo ni noma. Lakini si unaona? Wewe ndio Ulaya. Suluhisho ni moja, buda. Jisimamie."

"Naunga mkono," alisema Urbanus, akainuka kwa mara ya kwanza. "Napendekeza tuitishe kikao."

"Si tumeshakaa hapa?"

"Hiki si rasmi."

Basi kikao rasmi kikaanza, na kilichobadilika ni kwamba Urbanus sasa alikuwa amesimama. Kundi la WhatsApp likafunguliwa palepale. Urbanus alitaka liitwe Muungano wa Ulinzi wa Vyombo. Bertrand alitaka jina lianze na neno la Kifaransa. Wakabishana hilo kwa kirefu, Shirleen akawaundia kundi akaliita Sufuria Huru, wote wawili wakajitoa, akawarudisha.

"Haya, silaha," alisema Shirleen. "Nani ana nini?"

Mwanakheri alikuwa na sufuria mbili za kutosha na jiko la gesi. Bertrand alikuwa na jiko, lakini mtungi wake una shingo ya aina nyingine, hauingiliani na mpira wa jiko la Mwanakheri, na alikataa katakata kununua wa aina ile kwa sababu wake ni bora. Shirleen alikuwa na mashine ya kupikia wali ya umeme. Urbanus alisema yeye angetoa msaada wa kiufundi.

"Yaani nini?"

"Nitakuwepo."

"Na hema?"

"Hema tunaweza kukodi kule Ingleburn," alisema Urbanus. "Kuna jamaa nafanya naye kazi, ana kubwa, safi kabisa. Tatizo ni kulisafirisha. Linahitaji trela."

"Nani ana trela?" aliuliza Mwanakheri.

Wakatazamana. Treni ikapita kwenye reli ya ng'ambo ya barabara, ikaisha yote, na bado walikuwa wanatazamana.

"Pentagoni," alisema Bertrand taratibu.

"Kwa hiyo," alisema Mwanakheri, "tunampigia Pentagoni, tunamwomba trela lake, tukachukue hema la kumkomesha Pentagoni."

"Hata Ulaya ndivyo wanavyofanya," alisema Urbanus. "Ndege za kujitenga na Marekani wengine wao wananunua Marekani."

"Nyie mna wazimu. Huyu ni mwanamke anayemkimbia mume kwa gari la mume, tena amemwachia yeye usukani."

Lazare alicheka na wenzake, ila kicheko chake kilikatika mapema. Alikuwa ameshapiga hesabu. Wakwe wanatoka Blacktown nzima na wengine wanapanda kutoka Melbourne. Asipokuwa na masufuria yale, atawapa nini? Na akiyapata, Mzee Kubwimana atamwambia nini? Atamwambia avue ile suti? Alikuwa amefika hapo katika mawazo yake pale pikapu nyeupe yenye trela ilipoingia kwa kishindo ikaegeshwa sehemu ya kushushia mizigo, sehemu ambayo mtu mwingine yeyote angepigwa faini.

Aloyce akashuka. Ni mtu mnene, mchangamfu, kofia kichwani, harufu ya manukato inamtangulia. Akatazama benchi.

"Umoja, hiyo kona ya jua si ni yangu?"

"Nalaani," alisema Urbanus, huku akisogea.

Aloyce akakaa, akapewa kahawa. "Mbona kimya? Mlikuwa mnapiga soga gani?"

"Ulaya," alisema Mwanakheri. "Wanasema hawamtaki tena Mmarekani."

"Wale hawana shukrani." Aloyce alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Unamlinda mtu miaka yote. Jua liwake, mvua inyeshe, upo. Akipata shida saa yoyote anakupigia wewe. Ukisema neno moja, neno moja tu, na wewe utambulike, anaanza kukaa vikao pembeni. Wajaribu basi. Waone kama bila mimi watafika popote."

"Bila wewe?" aliuliza Shirleen.

"Bila Marekani."

Bertrand akapata kazi ya ghafla ya kukagua mashine yake. Aloyce akamgeukia Lazare, akamwekea mkono begani.

"Mzee wa Kasulu. Tumekubaliana, siyo? Nimeshaanza kuandaa vitu vyangu vya kusema. Nitaanza kwa Kiingereza, halafu Kiswahili, halafu nitamalizia na utani kidogo. Wakwe watakoma."

"Aloyce, kuna Muzee Kubwimana."

"Namheshimu sana yule mzee. Lakini tuambiane ukweli kaka. Yule haongei. Utampa kipaza sauti, atanong'ona, watu wataanza kupiga stori zao, na video inakwenda mpaka Bujumbura. Unataka siku ya mwanao iwe hivyo? Mkalishe mbele, mpe soda, apumzike. Kazi ya kusema tuachie sisi tulioizoea."

Lazare kazini kwake hajulikani kwa kukataa. Meneja akimwongezea shifti, anasema no worries, hakuna shida. Akiipunguza, no worries. Watu wa halmashauri ya mji wakija kumwambia ua wake wa miti umezidi urefu, no worries, na anaukata siku hiyohiyo. Neno lile lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye ncha ya ulimi. Lakini aliona ile suti iliyopigwa pasi, imening'inia mlangoni kwa mzee, na mzee amesimama mbele ya friji anaiuliza imekuja kuomba binti yupi.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Hapana, hautakuwa musemaji. Yeye ndiye. Nimemaliza."

Aloyce aliondoa mkono begani. "Basi na hema hapana."

"Bon."

"Na masufuria."

"Nimeelewa."

"Kasulu, utapikia nini? Utawakalisha wapi wakwe? Usiringe kaka, mimi nakupenda, nakuambia kama ndugu."

Mwanakheri alishika birika asimimine. Lazare alikuna kidevu, akatazama trela, akatazama Bertrand, kisha akaanza kuongea polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe mahali.

"Kule kambini," alisema, "sufuria kubwa tulikuwa tunaitoa wapi?"

"Hatukuwa nayo," alisema Bertrand, ambaye naye alipitia kambi ileile kabla ya kuja huku.

"Na harusi zilikuwepo."

"Kila wiki."

"Tulikuwa tunapikaje?"

Bertrand alifungua mdomo, akaufunga, kisha akajipiga paji la uso. "Kila nyumba na sufuria yake."

"Kila nyumba na sufuria yake," alisema Lazare. "Huyu maharage, huyu ndizi, huyu wali, huyu mboga ya lenga lenga. Mutu anapika kwake, anafunika, anakuja nayo kichwani. Wakwe wakiingia, chakula kinatokea kila upande, na harufu zake zote tofauti. Na tulikalia mikeka. Turubai ilikuwa moja, mvua ikinyesha tunasogeleana. Mimi nimefika huku nikaona hema ya Aloyce, nikasahau hayo yote. Nilifikiri bila sufuria ya watu mia binti haolewi."

"Mimi ndizi," alisema Shirleen palepale. "Ndizi na nyama. Msiniulize kama najua, nitapigia mama."

"Samaki wa nazi niachieni mie," alisema Mwanakheri. "Na nyumba za hapa mtaani nitaziambia zote. Leo hii kabla sijafunga duka."

"Mimi isombe, kisamvu yenu ile," alisema Bertrand. "Na jiko yangu mwenyewe, na mutungi yangu mwenyewe."

Wote wakamgeukia Urbanus. Urbanus alitafuta njia ya kutokea, akaikosa.

"Kachumbari," alisema.

"Tunaandika," alisema Shirleen, na akaandika kweli kwenye lile kundi la Sufuria Huru. Kijana wa nusu kichwa akatokeza mlangoni na shuka lake, akasema mama yake anapika sambusa, kama hamjali, halafu kama inawezekana amaliziwe kunyolewa. Bertrand akamwambia sambusa zimekubaliwa.

Simu zikaanza kulia. Kundi lilikuwa limeshapata watu wa Mount Druitt. Nyumba moja ikasema pilau, nyingine ikagombea pilau hiyohiyo, Mwanakheri akaingilia akawagawia. Lazare aliona kifua chake kinafunguka. Hata mvua sasa aliiona si lolote. Alitaka kumpigia Clarisse amweleze yote, pamoja na lile alilomficha, na apigiwe kelele zake kwa furaha.

Katikati ya hayo yote Aloyce alikuwa amekaa kwenye kona yake ya jua. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemsemesha. Alivua kofia, akaivaa tena. Angeweza kuondoka, maana funguo za pikapu zilikuwa mkononi, lakini hakuondoka.

"Kwa hiyo Jumamosi," alisema mwishowe, "mimi nakuja kama nani?"

Hakusema kwa sauti ya Pentagoni. Shirleen akaacha kuandika.

"Kama mutu wetu," alisema Lazare. "Ulifikiri sikualiki?"

"Sijawahi kwenda kwenye shughuli bila trela."

"Panda treni."

"Na nikifika nafanya nini?"

"Unakaa. Unakula. Kama watu."

Aloyce alifikiri hilo, na ilionekana wazi kwamba linamtisha. Tangu aanze kuhudhuria sherehe za watu mjini humu alikuwa akifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, nyundo ya kupigia vigingi mkononi, na kati ya hapo kila mtu alikuwa na shida naye. Nyumbani kwake hakukuwa na mtu wa kumwambia habari za sherehe akirudi. Frida mkewe aliondoka, muda sasa umepita, akaenda kwa dada yake Perth.

"Kila nyumba na sufuria yake, si ndiyo mlivyosema?" aliuliza. "Na mimi nina nyumba. Niandikeni."

"Unajua kupika nini, Aloyce?" aliuliza Mwanakheri, safari hii kwa jina lake.

"Maharage. Mama alinifundisha. Maharage na nazi, yanakuwa mazito."

"Basi maharage ni yako."

Shirleen akaandika. Aloyce hakuonekana kuridhika. Alikuwa anageuza funguo zake, na masikio yake, mtu mweusi vile, yalikuwa yanaelekea kuwa mekundu.

"Tatizo," alisema, "sina sufuria."

Kijiwe kilimtazama, kikatazama trela, kikamtazama tena.

"Sina ndogo," alisema Aloyce. "Frida alipoondoka alichukua vyombo vya jikoni vyote, akaniachia vya garajini. Nina sufuria ya watu mia tatu. Ya watu watano sina. Huwa nanunua chakula kule chini, nakula kwenye boksi. Nitachemsha maharage ya kikombe kimoja kwenye lile dubwana? Yatapotelea humo." Akamgeukia Lazare. "Kasulu, ndugu yangu, niazime sufuria."

Mtu yeyote mwingine angecheka. Bertrand aligeukia ukuta, mabega yanamtetemeka, na Urbanus alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Lazare hakucheka. Alimhurumia kwa kweli, na angeweza kumwambia pitia nyumbani saa hii Clarisse akupe. Lakini masharti yalikuwa yamemkalia tangu jana jioni, usiku mzima, na yeye pia ni binadamu.

"Sufuria ipo," alisema. "Ila unajua desturi yetu. Kuomba kitu kwenye familia, mimi sisemi. Kuna musemaji."

Akatoa simu, akapiga. Alisema maneno machache kwa Kirundi, akaweka sauti ya nje, akamkabidhi Aloyce. Upande wa pili kilisikika kiti kikiburutwa, mlango wa friji ukifungwa, mtu akisafisha koo kwa starehe zake bila haraka yoyote.

"Shikamoo mzee," alisema Aloyce. Alikuwa amesimama, ameishika simu kwa mikono miwili.

"Marahaba," ilisema sauti, nzito, iliyojaa, sauti ambayo Mwanakheri hakuwahi kuisikia dukani kwake hata siku moja. "Nimeambiwa kuna mugeni anaomba kitu kwetu. Tunashukuru kwa kutukumbuka. Lakini hatujakufahamu. Umetoka wapi? Njia umeonyeshwa na nani? Sufuria kwetu ni nyingi, na zote tumezilea vizuri. Hiyo unayoitaka, umeiona wapi?"

"Mzee, mimi Aloyce. Nilitaka tu..."

"Pole pole. Kwetu mutu hajiombei mwenyewe. Musemaji wako ni nani?"

Aloyce alimtazama Urbanus. Urbanus alitazama kituo cha treni. Alimtazama Bertrand, naye Bertrand alikuwa tayari amesharudi kwa mteja wake, mashine inanguruma. Shirleen akatikisa kichwa, yeye ni Redio, hachukui upande.

"Sina, mzee," alisema Aloyce kwa sauti ndogo. "Niko peke yangu."

Kiti kikasikika tena kikiburutwa.

"Hiyo si neno," alisema Mzee Kubwimana. "Tutakupa mumoja wa kwetu. Kaa chini kwanza, mwanangu, tuongee."

Aloyce akakaa.